Sura ya Sita: Mmoja Kapokelewa, Mwenzake Kakataliwa

Mzazi wa Nyawera, mtaa wa mji wa Bukavu, Kongo, anaposimama mbele ya direkta wa shule kuomba watoto wake wote wapokelewe pamoja, direkta hudhani anatafuta nafuu: safari moja ya asubuhi, mkutano mmoja wa wazazi, sare inayorithiwa kutoka kwa mkubwa hadi kwa mdogo. Nafuu hizo zipo. Lakini nyuma yake iko sababu ambayo wazazi wa Bukavu hawaisemi sana, na ndiyo inayowanyima usingizi jibu linapokuja nusu, mkubwa kapata nafasi na mdogo kakosa. Sababu hiyo ni siku ya risasi.

Watu wazima wa mji huu wanazo tarehe zao. Oktoba 1996 waasi wa AFDL waliuteka mji, na tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa hapa hapa Nyawera. Mwanzoni mwa Juni 2004 askari waasi wa Jules Mutebutsi na Laurent Nkunda waliushika mji kwa siku chache, wakapora na kuwatendea wanawake unyama. Februari 2025 wakaingia waasi wa M23. Mama aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1996 leo ana watoto wa sekondari, na hakuna haja ya kumweleza maana ya mtoto kuwa mbali na nyumbani mji unapobadilisha wenyewe. Akiuliza kama watoto wake watakuwa kwenye uwanja mmoja, hesabu anayoipiga kichwani ni hii: milio ikianza saa nne asubuhi, nitakimbilia upande gani kwanza?

Njia panda ya Nyawera inalifanya swali hilo lishikike. Pale barabara zinaachana, na watoto wa nyumba moja, waliotoka wakiwa wameshikana mikono, wanaagana: mmoja anapanda kuelekea Kadutu, mwingine anaelekea Nguba au Muhumba. Simama pale asubuhi ya siku ya masomo, kabla ya saa moja na nusu, utaona shati jeupe na bulu zikijaa barabara nzima, motari wa pikipiki wakipiga honi kupita katikati yao, na yaya mmoja, yaani ndugu mkubwa, akimfungia mdogo wake kifungo cha shingoni kabla hajavuka. Baada ya hapo hawaonani mpaka mchana, au mpaka jioni ikiwa mmoja anasoma zamu ya mchana.

Sura hii ni ya familia hizo. Sitawaambia namna ya kumshinda direkta, kwa sababu mara nyingi hashindiki, na zile mbinu ambazo watu hunong'onezana, bahasha na barua ya mtu mzito, zinamwondoa tu mtoto wa mtu mwingine kwenye kiti chake. Nitasema juu ya yale yanayobaki mikononi mwa wazazi baada ya jibu kutoka. Ni mengi kuliko wanavyodhani.

Kwanza tujue kwa nini watoto wa tumbo moja wanatenganishwa. Katika nchi nyingine jambo hili limeandikiwa kanuni. Uingereza, darasa la watoto wadogo katika shule za umma halitakiwi kuzidi watoto 30 kwa mwalimu mmoja, shule nyingi huwapa kipaumbele wadogo wa wale wanaosoma pale tayari, na ikitokea pacha mmoja akapata kiti cha thelathini, kanuni inaruhusu pacha wake aingie awe wa 31. Mzazi aliyekataliwa anaweza kukata rufaa mbele ya jopo. Kwetu hakuna orodha ya vipaumbele iliyobandikwa mahali ambayo mzazi anaweza kuionyesha kwa kidole. Direkta wa shule ya msingi, au prefe wa sekondari, ndiye anayeamua, na anaamua akitazama idadi ya madawati, matokeo ya mtihani wa kuingilia, na mara nyingine sura ya anayeomba.

Halafu kuna historia, ambayo ilizitenganisha familia zamani kabla ya direkta wa leo kuzaliwa. Shule nyingi zenye jina Bukavu zilijengwa na mashirika ya watawa, na watawa walijenga kwa jinsia. Wajesuti walifungua mwaka 1938 koleji ya Notre-Dame de la Victoire, ambayo leo ni Collège Alfajiri. Ilikuwa ya wavulana, tena mwanzoni ya wana wa Wazungu. Wasichana walijengewa lise zao, na Lycée Wima ni mojawapo ya zile ambazo kila mtu Bukavu anazijua. Rais Mobutu alizitaifisha shule za makanisa katikati ya miaka ya 1970, kisha kwa mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 akayarudishia makanisa usimamizi wa shule hizo, na ule mgawanyo wa koleji huku na lise kule ukaendelea. Kwa hiyo kaka na dada walioachana kwenye mlango wa sekondari hawakutenganishwa na alama zao. Walitenganishwa na ramani ambayo ni ya enzi za babu zao.

Sababu nyingine ni ya karibuni. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ni ya bure katika shule za umma. Maneno hayo yalikaa kwenye karatasi kwa miaka kumi na tatu. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi ndio waliokuwa wakiwalipa kwa ile michango tunayoiita prime. Septemba 2019 serikali ya Rais Félix Tshisekedi ikaamua kifungu kile kitekelezwe. Lilikuwa jambo la haki, na naliunga mkono mpaka leo. Mamilioni ya watoto waliokuwa nyumbani nchini kote wakaingia darasani. Ila madarasa hayakuongezeka kwa kasi hiyo, walimu wakapoteza prime kabla mshahara wa serikali haujawafikia wote, na migomo ikafuata. Shule za msingi za umma zikajaa mpaka watoto wakaketi wanne kwenye dawati la wawili, wengine chini. Wazazi wenye uwezo kidogo wakakimbilia shule za binafsi, na wengi wakapata uwezo wa kumlipia mtoto mmoja tu.

Hapo ndipo ulipozaliwa mgawanyo mpya ndani ya nyumba za Nyawera: mtoto mmoja shule ya binafsi yenye darasa la watoto thelathini na kitu, mwenzake shule ya bure yenye watoto themanini au mia. Kitanda kimoja na sahani moja ya fufu na sambaza, lakini kila asubuhi wanaingia katika dunia mbili.

Tuanze na moyo wa mtoto, kwa kuwa ndio unaopata jeraha la kwanza. Orodha ya waliopokelewa hubandikwa kwenye lango au kwenye ukuta wa ofisi. Karatasi yenyewe ni ya kawaida, imepigwa chapa, ina muhuri wa shule, na kona zake zimeshaanza kukunjamana kwa mvua za kwanza. Wazazi wanasukumana mbele yake, wanashusha kidole kutoka jina hadi jina. Mtoto amesimama kando na anatazama kidole kile. Kikifika chini bila kusimama, amekwisha kujua kabla hajaambiwa. Kisha anasikia mama akipiga simu: "Mukubwa bamemupokea, huyu mudogo bamemukatala." Njiani kurudi nyumbani anauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo tu: "Mama, miye niko mujinga?"

Jibu tunalolitoa haraka ni la kufariji: hapana, wewe una akili, shule ile ni mbaya, hawajui kitu. Mtoto halipokei, kwa sababu jana alikusikia ukiisifu shule hiyo hiyo. Inafaa zaidi kumpa sababu ya kweli, kwa maneno anayoweza kuyabeba. Walitaka watoto arobaini, wakaja mia mbili. Au: shule ile haina darasa la tatu lenye nafasi, ingawa la tano lilikuwa nayo, ndiyo maana yaya wako kaingia. Au, ikiwa kweli mtihani wa kuingilia ndio uliomwangusha: Kifaransa chako bado hakijakaa, hesabu uliziweza, tutakishughulikia. Mtoto wa miaka minane anaweza kuishi na ukweli kwamba Kifaransa chake bado. Kinachomla ni kutojua, kwa maana akiachwa bila sababu atajitungia ya kwake, na ile anayojitungia siku zote ni mbaya kuliko yenyewe.

Baada ya hapo wazazi wachunge midomo yao mbele ya majirani na wajomba. Mgeni anakuja, watoto wanaitwa wamsalimu, na baba anawatambulisha: huyu anasoma shule fulani, jina kamili, sauti imepanda, na huyu, mkono ukipungia dirishani, anasoma hapo chini. Nimeisikia sentensi hiyo sebuleni kwa watu waungwana kabisa, wanaowapenda watoto wao sawasawa. Hawajui wanachokifanya. Mtoto wa "hapo chini" anajua. Kama kuna jambo moja katika sura hii ningependa lianze kufuatwa leo usiku, ni hili: taja shule zote mbili kwa jina, kwa sauti moja, au usitaje hata moja.

Wengine watamletea mtoto mfano wa Daktari Denis Mukwege, mtoto wa Bukavu aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2018, na ambaye diploma yake ya sekondari aliipata Institut Bwindi mwaka 1974, si kwenye koleji ya Wajesuti. Mfano ni wa kweli, na unamfaa sana mzazi anayeamini kwamba mji huu una lango moja tu la kupita. Kwa mtoto mdogo ningeuweka akiba. Aliyekataliwa leo asubuhi haombi kuwa Mukwege. Anataka kujua kesho atakaa dawati moja na nani.

Sasa pesa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo familia nyingi zinapoumizana bila kusema.

Shule mbili ni mikoba miwili inayodai kwa tarehe tofauti. Ya binafsi inadai minervali, yaani ada ya shule, kwa kila muhula, kwa dola, na mtoto asiyelipiwa anarudishwa nyumbani. Ya bure haidai minervali katika madarasa sita ya msingi, lakini daftari, sare, viatu na sweta ya asubuhi za Juni na Julai si vya bure kokote. Akifika mwaka wa saba, ule wa kwanza baada ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, malipo yanaanza hata katika shule ya umma, kwa sababu, ingawa sheria ya elimu ya Februari 2014 iliifanya elimu ya msingi (éducation de base) kuwa ya miaka minane, ubure ulioahidiwa uliishia kwenye sita. Familia nyingi hushtukia hapo. Mkubwa anaingia mwaka wa saba na bili, mdogo yuko mwaka wa nne bila bili, na mama muuza ndizi sokoni anagundua kwamba mtaji wake wa Septemba umekwisha kabla ya Oktoba. Mwaka 2025 jambo lilizidi kuwa zito, maana benki za mji zilifunga milango baada ya M23 kuingia, na hata mwenye akiba akawa anahangaika kuifikia.

Katika mbano huo nyumba inafanya jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mtoto anayelipiwa ndiye anayepewa kila kitu. Anapewa taa ya kusomea kwa sababu "tunalipa", na kwa sababu hiyo hiyo hatumwi maji. Akileta alama mbaya kinaitishwa kikao. Yule wa shule ya bure akileta alama mbaya, watu wanasema ndiyo shule zao hizo. Ndoo ni yake, mdogo wa mgongoni ni wake, na meza ya biashara ya mama saa kumi jioni ni yake pia. Miaka mitatu ikipita, wawili hao wana tofauti kubwa ya masomo, na kila mtu anaamini kwamba shule ndiyo iliyoileta. Kwa sehemu ni shule. Kwa sehemu kubwa ni saa mbili za kila jioni ambazo mmoja alipewa na mwenzake akanyang'anywa.

Msimamo wangu hapa hauwapendezi wazazi wengi, lakini nausimamia: muda wa nyongeza uende kwa mtoto aliye katika darasa lililojaa. Yule mwenye darasa la watoto thelathini ana mwalimu anayeliona daftari lake. Mwalimu wa watoto tisini, hata awe na moyo kiasi gani, hawezi kusahihisha madaftari tisini kabla ya giza. Kwa hiyo daftari la mtoto huyo lazima lifunguliwe nyumbani, kila jioni, na mtu mzima au yaya wake. Na kama kuna dola tano za mwalimu wa jioni, ziende kwake. Watu huniambia ni kutupa pesa, bora kuikuza pale inapokwisha kuota. Nawauliza swali moja: huyu mwingine ni mtoto wa nani?

Yaya mwenyewe anaweza kuwa daraja. Anafundishwa vizuri, ana vitabu, na somo alilolipata wiki hii anaweza kumpitishia mdogo wake kesho jioni. Wazazi wanaolifanya hili vyema huwawekea watoto saa moja ya meza moja, madaftari ya shule zote mbili yakiwa wazi pamoja. Ila usimgeuze kuwa mwalimu wa kudumu mwenye fimbo. Mdogo aliyekataliwa na shule ya kakaye hahitaji kukemewa kila usiku na mtu aliyepokelewa.

Kuna jambo la wasichana ambalo siwezi kulipita. Kaka na dada wakiwa shule moja, msichana akirudishwa nyumbani kwa deni, kaka yake analiona, walimu wanaliona, na baba anaulizwa. Wakiwa shule mbili, yake inaweza kuachwa kimya. Muhula wa kwanza analipiwa nusu. Wa pili anaambiwa asubiri. Wa tatu tayari anakaa kwenye meza ya mama sokoni, na wageni wanadhani yuko likizo. Hakuna aliyetoa uamuzi wa kumwachisha masomo; deni limeamua kwa niaba yao. Kinga ninayoijua ni ngumu ila inawezekana: minervali ya watoto wote ihesabiwe kama deni moja la nyumba, iandikwe kwenye daftari moja, na kila kinachopatikana kigawanywe kwa wote kwa kipimo cha wanachodaiwa, hata kama maana yake ni kwamba wote wawili watakuwa na salio. Prefe anayeona mzazi amekuja na sehemu, akaahidi tarehe ya sehemu nyingine na akaitimiza, mara nyingi humwacha mtoto darasani. Anayeona kimya humrudisha nyumbani. Nenda shuleni kabla ya kuitwa.

Mapacha wana ugumu wao. Wamezoea kuulizwa pamoja, kuvalishwa pamoja, kusifiwa pamoja, na siku mmoja anapoingia lango ambalo mwenzake amezuiwa, ni mara ya kwanza katika maisha yao dunia kuwaambia kwamba wao ni wawili. Wako wanaochanua. Yule aliyezoea kusemewa na nduguye anaanza kuinua mkono mwenyewe. Wako wanaonyamaza wiki nzima. Kwa mapacha wa miaka mitano au sita, kama shule ya kwanza imempokea mmoja tu na ya pili iko tayari kuwachukua wote wawili, ningewapeleka ya pili hata kama jina lake ni dogo. Katika umri ule, mwenzi wa kukaa naye ana thamani kuliko jina lililo juu ya lango. Wakifika mwaka wa saba hesabu inabadilika, na hapo waulizwe wenyewe, kila mmoja peke yake. Usiwaulize wakiwa pamoja, maana mmoja atajibu kwa ajili ya wote.

Nirudi kwenye siku ya risasi, kwa sababu mzazi anaweza kufanya kila nililolisema hapo juu na bado akalala macho wazi.

Nyumba yenye watoto katika shule mbili inahitaji mpango ambao kila mtu anaujua kwa moyo, na mpango huo ufanywe siku tulivu. Kwanza, kila shule iwe na mtu wake. Mama asiwe mtu wa shule zote mbili. Kama mama anauza soko la Nyawera na shule ya mdogo iko karibu, mdogo ni wake. Mkubwa ni wa baba, au wa shangazi anayeishi upande ule, au wa jirani ambaye mtoto wake anasoma pale pale. Huyo jirani ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Wazazi wa Kadutu na wa Nyawera ambao watoto wao wanapishana njiani kila asubuhi wanaweza kubadilishana ahadi: wako aliye kwetu namchukua mimi, wangu aliye kwenu mchukue wewe. Ahadi hiyo haigharimu chochote, na siku ya hofu inamwondolea mama lile swali la kuchagua.

Majina ya watu hao yapelekwe shuleni kwa maandishi, ili mwalimu ajue anamkabidhi mtoto kwa nani. Namba za simu ziandikwe kwa kalamu isiyofutika ndani ya jalada la daftari ambalo mtoto habadilishi, na chini ya namba liandikwe jina la mtaa, jina la kanisa au msikiti wa karibu na nyumbani, na jina la mtu mmoja ambaye kila mtu mtaani anamjua. Siku za vurugu mtandao huwa wa kwanza kuondoka. Mtoto wa miaka saba anaweza kusahau jina la mtaa wake akisikia mlio mkubwa. Akiwa na daftari, mtu mzima yeyote mwenye huruma ataweza kusoma.

Kisha kuna sheria ambayo watoto wakubwa hawaipendi: yaya asitoke shuleni kwake kumfuata mdogo. Wengi wanataka kutoka. Mvulana wa miaka kumi na mbili anayesikia milio upande wa shule ya dada yake atatamani kuruka ukuta, na moyo huo ni wa kuheshimiwa. Mwambie hivyo. Halafu mwambie kwa nini hapana: akitoka, kuna watoto wawili wa kutafutwa badala ya mmoja, na mmoja wao yuko barabarani. Kila mtoto abaki ndani ya uzio wa shule yake, mbali na madirisha, mpaka mtu aliyetajwa afike, hata ikiwa jioni, hata ikiwa kesho yake. Umri wa kumbadilishia sheria hii ni wa wazazi kuamua, kwa kumjua mtoto wao na kuijua barabara anayopita. Mimi singeibadilisha kabla ya miaka kumi na tano.

Mpango huo ujaribiwe kwa miguu. Jumamosi moja, yule jirani au shangazi atembee na mtoto kutoka shuleni hadi nyumbani kwake, mtoto aone mlango, aone watakapoketi, ajue choo kiko wapi na maji ya kunywa yanakaa kwenye ndoo ipi. Familia zinazofanya hivyo husema jambo la ajabu kidogo: mtoto aliyekuwa akilia kila asubuhi pale njia panda huacha kulia. Alikuwa na hofu ile ile ya mama yake, na hakuwa na maneno ya kuisema.

Watu wataniuliza, je, tukubali tu watengane mpaka mwisho? Hapana. Kukataliwa kwa Agosti ni kwa Agosti. Madawati ya Bukavu hayakai kama yalivyohesabiwa mwanzoni mwa mwaka. Familia zinahama, wengine wanavuka mpaka, wengine wanashindwa malipo ya muhula wa kwanza na kiti kinabaki wazi. Mzazi aliyekataliwa aombe jina la mtoto libaki kwenye orodha ya wanaosubiri, na kama shule haina orodha, aandike barua fupi yenye jina, darasa, jina la ndugu aliyekwisha kupokelewa na namba ya simu, aiache ofisini, abaki na nakala iliyopokelewa kwa sahihi. Arudi wiki ya tatu ya masomo, kwa adabu, bila kelele. Arudi tena mwanzo wa muhula wa pili. Direkta anapopata kiti cha ghafla humkumbuka mtu aliyemwona mara ya mwisho.

Kuna pia milango ambayo mfumo wenyewe unaifungua. Mtoto akimaliza mwaka wa sita na kufanya mtihani wa taifa, anaomba upya. Akimaliza mwaka wa nane anafanya mtihani wa uelekezaji, ule wa TENASOSP, na anachagua mchepuo wa miaka minne ya mwisho: sayansi, ualimu, biashara, ushonaji, umeme na mingine. Pale shule ya ndugu yake inaweza kuwa haina kabisa mchepuo anaoutaka, na kutengana kukawa chaguo lake mwenyewe. Zungumzeni naye mapema juu ya miaka hiyo miwili, wa sita na wa nane, ili ajue anajiandaa kwa ajili ya nini.

Na kabla ya kumhamisha nafasi ikipatikana, muulize. Wako watoto waliokaa muhula mmoja katika shule ambayo hawakuichagua, wakapata rafiki, wakapata mwalimu anayewaita kwa jina, na hawataki tena kwenda kwa kaka yao. Kama yuko salama, kama anajifunza, na kama ule mpango wa siku mbaya unasimama, mwache. Na kwa ajili ya kiti kile, mpigie simu mzazi mwingine ambaye mtoto wake bado anasubiri, umwambie awahi ofisini kabla ya saa sita.